Nyumba Yetu: Saa iliyosimama kila siku ya nne

Juma lililopita tulizungumza juu ya kulinda unga wa mahindi usiingie wadudu wakati wa mvua. Baada ya mkutano mama mmoja wa kikundi alitufuata na ulizo lingine. Nyumbani kwake kuna saa ndefu ya mbao, aliyoachiwa na baba yake. Ni miaka miwili haiendi. Watu wa kununua vyuma vya zamani wameshapita mara mbili kuiulizia. Je, aiuze, au aondoe mashine na kuweka vikombe ndani?

Mama, jibu letu ni: ngoja kwanza. Tutakuonyesha namna ya kuitazama saa yako. Lakini tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, maana saa ya namna hiyo ilibakiza kidogo tu itufukuzishe mtoto nyumbani.

Saa hizi hazikuwa nyingi Likasi, ila zipo. Mji ulipokuwa unaitwa Jadotville, jina lililobaki hadi mwaka 1966, wazungu walileta vyombo vyao vya nyumbani kutoka Ulaya. Walipoondoka, vingine viliuzwa, vingine walipewa wafanyakazi wao. Mzee wetu, baba wa mume, alikuwa fundi wa mbao. Alipewa saa yake na mtu aliyekuwa anarudi Ubelgiji, akaiweka nyumbani kwake Panda. Kila siku ya Mungu, akitoka misani, alivua koti, akafungua mlango wa saa na kuitia ufunguo. Watoto wote wa ukoo wanajua ile sauti ya krr, krr, krr. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Mzee alifariki siku ya nne, alfajiri. Baada ya matanga ukoo ulikaa, vitu vikagawanywa, saa ikaja kwetu. Tuliibeba kwa mkokoteni kutoka Panda mpaka Kikula, tukaiweka katika chumba cha mbele. Mwaka uleule tulikuwa tumempokea mtoto wa dada yetu marehemu, msichana wa miaka kumi. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo alilala palepale chumba cha mbele, godoro lake karibu na miguu ya saa.

Siku ya Mungu ya kwanza tuliitia saa ufunguo kama mzee alivyofanya. Ilienda vizuri. Siku ya nne asubuhi tuliikuta kimya. Tukaisukuma, ikaenda kidogo, ikanyamaza tena. Siku ya tano ikakubali, ikaenda mpaka siku ya Mungu. Juma la pili, vilevile: siku ya nne, kimya. Juma la tatu, vilevile.

Shangazi, mdogo wa marehemu, alikuwa anakuja kututembelea mara kwa mara. Juma la tatu alikaa mbele ya ile saa, akaitazama muda mrefu. Akasema: «Kaka alikufa siku ya nne. Saa yake inakufa siku ya nne. Munataka alama gani tena?» Kisha akauliza kwa sauti ndogo: «Ni nani analala hapa?»

Tangu siku ile macho ya watu wote yalimwelekea yule mtoto. Ni wa upande wa mama, si wa ukoo wa mzee. Mama yake amekufa. Ni mkimya. Shangazi alisema apelekwe kwenye maombi ya kumfungua, akae huko siku tatu bila kula. Na hatutawaficha, wamama: sisi wenyewe tulianza kumtazama. Siku moja jioni tulihamisha godoro lake, tukalipeleka jikoni. Siku ya nne saa ikasimama bila yeye kuwa pale. Tulidhani neno limekwisha. Shangazi akajibu kwamba uchawi hauzuiwi na ukuta.

Hapo tulielewa kwamba kumhamisha mtoto hakutamaliza kitu. Tulichotakiwa kuuliza ni habari za saa yenyewe. Darasani tunawafundisha watoto: kabla ya kusema sababu, andika ulichoona. Tukachukua daftari, tukaandika siku na saa ambayo mishale ilisimama. Tulipotazama mistari ile, tuliona kitu kimoja kimeandikwa kila juma na hatujakiangalia: ufunguo tunautia siku ya Mungu. Kuanzia hapo mpaka siku ya nne ni siku nne kamili. Je, tukibadilisha siku ya ufunguo?

Tulimwomba shangazi atupe juma moja kabla ya kumpeleka mtoto popote. Alikubali kwa shida. Siku ya Mungu hatukugusa kitu. Siku ya pili jioni tukatia ufunguo. Siku ya nne shangazi alikuja kabla ya jua kuchwa, akakaa. Saa ikapiga mara sita, tukawasha taa. Ikapiga mara saba, tukala. Ilienda usiku kucha. Siku ya tano ikaenda. Siku ya posho, siku nne baada ya ufunguo, ikanyamaza.

Basi saa haikujua mzee alikufa siku gani. Ilikuwa inahesabu siku nne tangu ufunguo. Lakini kwa nini siku nne?

Jibu alitupa yule mtoto. Jumamosi ileile, siku ya posho, alikuwa anafagia. Akasema bila kututazama: «Mama mdogo, usiku mawe nayo yanachezaka.» Tukamwuliza mawe gani. Akatuonyesha vile vyuma vizito viwili vinavyoning'inia ndani ya saa. Alikuwa ameviona mara nyingi, akiwa amelala chini na mwezi unaingia dirishani. Mbona hukusema? Akajibu kwamba angeulizwa kwa nini hakulala.

Hapa tueleze kidogo saa hii inavyofanya kazi. Haina pili wala umeme. Nguvu yake ni ule uzito. Ukitia ufunguo unapandisha mawe juu. Mawe yanashuka polepole, na katika kushuka yanavuta magurudumu. Magurudumu yangekimbia yote mara moja kama hakuna wa kuyazuia. Wa kuyazuia ni ile fimbo ndefu yenye sahani ya chuma chini, inayoyumba kulia na kushoto. Mafundi wetu wanaiita balansie. Kila ikiyumba inaruhusu jino moja la gurudumu kupita: tik, tak. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyetengeneza saa ya kwanza ya balansie, mwaka 1656.

Sasa, mawe yetu yanahitaji siku nane kufika chini. Siku ya nne yanakuwa katikati, sawasawa na sahani ya balansie. Wakati huo jiwe na kamba yake vina urefu karibu sawa na balansie, na vitu viwili vinavyoning'inia kwa urefu mmoja vinapenda kuyumba pamoja. Ikiwa kabati la saa halikukaa imara, kila balansie inapoyumba kabati nalo linatikisika kidogo, kwa namna jicho halioni. Mtikisiko ule unayasukuma mawe, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea kwa kidole kimoja tu, mara kwa mara. Mawe yanaanza kucheza, yanakula nguvu ya balansie, na balansie inachoka. Mawe yakishashuka zaidi, urefu hauko sawa tena, na saa inakubali kwenda. Ndiyo sababu siku ya tano ilikuwa inapona.

Huygens mwenyewe aliona jambo la jamaa na hili mwaka 1665. Alikuwa mgonjwa, amelala kitandani, akitazama saa zake mbili zilizotundikwa mahali pamoja. Akaona balansie zake zinafuatana kila mara, hata akizivuruga zinarudi kufuatana. Zilikuwa zinasukumana kupitia mbao iliyozibeba. Tulipomsimulia mtoto wetu habari hiyo, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Tuliweka mkono juu ya kabati, tukafumba macho. Kweli, lilikuwa linatikisika. Tukalivuta kutoka ukutani ili tuangalie nyuma, na hapo tuliona aibu. Kulikuwa na matundu mawili ya visi. Mzee alikuwa ameifunga saa yake ukutani kule Panda. Sisi ndio tuliofungua zile visi siku ya kuihamisha, tukazitia ndani ya mkebe, tukazisahau. Visi zilikuwa bado ndani ya mkebe. Fundi alitoboa ukuta, akafunga. Kazi ya nusu saa. Tangu hapo haijasimama siku ya nne wala siku nyingine, isipokuwa tukisahau ufunguo.

Shangazi alikuja, tukamweleza yote, tukamwonyesha matundu. Hakusema neno juu ya mtoto. Alisema tu: «Kumbe kaka hakukasirika.» Akalia. Hatukujua, kumbe muda wote ule alikuwa anaogopa kwamba kaka yake aliondoka na hasira juu yake.

Haya, mama uliyeuliza, na wengine wenye saa hizi, fuata hatua hizi kwa mpango.

Kwanza, tazama inaposimama. Kabati lisiyumbe hata kidogo. Sakafu zetu za simenti hazilingani, kwa hiyo weka kipande cha mbao nyembamba chini ya mguu ulio juu ya hewa, kisha funga kabati ukutani kwa visi mbili. Usiiweke mahali ambapo jua la dirishani linaipiga, wala karibu na mbabula. Chunguza mchwa: angalia miguu na mgongo wa kabati kila mwezi, maana mchwa wanaanza nyuma, mahali ambapo huoni.

Pili, sikiliza. Sukuma balansie kwa upole, kisha nyamaza. Sauti inatakiwa kuwa na nafasi sawa: tik, tak, tik, tak. Ukisikia tik-tak, kimya, tik-tak, kimya, saa inachechemea, na itasimama baada ya dakika chache. Mara nyingi si mashine iliyokufa, ni kabati kuinama upande mmoja. Inua upande mmoja kidogo kwa karatasi ngumu, sikiliza, kisha jaribu upande wa pili, mpaka sauti iwe sawa. Saa nyingi zinazosemwa kwamba zimekufa zinaponea hapa.

Tatu, tazama mishale. Wakati mwingine mshale mrefu unagusa mshale mfupi, au unagusa kioo, na saa inasimama kila mara mahali pamoja. Angalia pia kama kamba au mnyororo wa mawe umevuka njia yake.

Nne, ufunguo. Saa ya siku nane itie ufunguo mara moja kwa juma, siku ileile, bila haraka, na usimame mawe yanapofika juu. Usiyainue mawe kwa mkono ikiwa yanashikwa na kamba, maana kamba inalegea na kujifunga vibaya.

Tano, kurekebisha saa. Chini ya sahani ya balansie kuna nati ndogo. Saa ikichelewa, zungusha nati ili sahani ipande. Balansie fupi inaenda mbio. Saa ikiwahi, shusha sahani. Kwa balansie ya karibu mita 1, kama zilivyo nyingi za saa ndefu, milimita 1 tu inabadilisha karibu sekunde 43 kwa siku. Kwa hiyo zungusha kidogo, ngoja siku nzima, ndipo uangalie tena. Usishangae pia ikichelewa kidogo mwezi wa kumi kuliko mwezi wa sita. Joto linarefusha chuma: balansie yenye fimbo ya chuma inachelewa karibu nusu sekunde kwa siku kwa kila digri moja ya joto.

Unapoweka mishale, zungusha mshale mrefu kwenda mbele tu. Ukifika mahali pa kupiga kengele, ngoja ipige yote, kisha endelea. Na uangalie unafuata saa ya nani! Redio ikitaja saa ya Kinshasa, sisi wa Katanga tuko saa moja mbele.

Sita, mafuta. Hapa ndipo watu wengi wanaua saa. Usitie mafuta ya kupikia, wala mawese, wala mafuta ya gari. Yanaganda, yanakamata vumbi, na vumbi pamoja na mafuta yanasaga chuma kama mchanga. Sote tunajua vumbi la kiangazi letu, malori yanapopita. Saa inataka mafuta yake mepesi ya saa, tone dogo mahali panapozunguka, kwa mkono wa fundi anayejua. Wewe kazi yako ni kufunga mlango wa kabati na kupangusa mbao kwa kitambaa kikavu. Shaba ya ndani usiishike kwa vidole vyenye jasho, itapata madoa.

Saba, ukiihamisha, toa kwanza balansie na mawe. Balansie inaning'inia kwa utepe mwembamba sana wa chuma, na ukiibeba saa pamoja nayo utepe unakatika. Mawe yaandike kwa chaki, la kulia na la kushoto, maana mara nyingine uzito wake si sawa. Na visi zako za ukutani, wamama, zifungeni kwa kamba kwenye mguu wa saa. Msifanye kama sisi.

Nane, ukimwita fundi, mashine ifunguliwe mbele yako. Ikibidi aende nayo, andika kwenye karatasi kila kitu anachochukua, mkaweke sahihi wote wawili. Magurudumu ni shaba, na wanunuzi wa vyuma hapa kwetu wanapima kwa kilo tu. Kwa kilo, saa ya baba yako haina bei kubwa. Ukishauza mawe, kabati litakalobaki halitasema saa tena.

Faida yake utaiona umeme ukikatika na simu zimezimika. Sisi watoto wetu wanaenda shule kwa saa ile. Na wamejifunza kuisoma kwa njia mbili: mshale mfupi uko kwenye 7, kengele inapiga mara saba, shuleni kwa Kifaransa wanasema saa saba, nyumbani tunasema saa moja. Mwambie mtoto mara moja kwamba sisi tunahesabu tangu asubuhi ilipoanza, na kwamba namba yetu iko upande wa pili wa duara, ataelewa. Asipoambiwa ataona saa inamdanganya.

Neno moja tena, kwa wamama wa vikundi vyote. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, na faini. Katiba yetu, kifungu cha 41, nayo inakataza. Tunaandika hivi bila kumnyooshea mtu kidole, maana sisi tunaolijua jambo hili, tuliohamisha godoro la mtoto kwenda jikoni, tulikuwa watu wa shule. Hofu iliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa kilio, na wakati wa kilio kila mtu anatafuta wa kumwuliza. Ikiwa kwako kuna jambo linarudiarudia na jina la mtoto limeanza kutajwa, chukua daftari, andika juma zima kabla ya kikao chochote cha ukoo. Usimtoe mtoto nyumbani. Njoo utuone, hata usiku.

Godoro lilirudi chumba cha mbele. Yule mtoto sasa yuko mwaka wa sita wa primeri. Ni yeye anayetia saa ufunguo siku ya Mungu, baada ya misa, na wadogo zake wamekatazwa kuigusa.

Mama uliyeuliza, anza na hatua ya pili, ile ya kusikiliza, kisha utupe habari katika mkutano. Juma lijalo tutarudi jikoni: namna ya kupunguza makaa kwenye mbabula. Tunawaaga kwa amani.